Noti Iliyo Chini ya Jiwe

Jumamosi, saa kumi alasiri, Mkolani. Rasharasha tangu mchana, ile mvua isiyonyesha wala isiyoacha.

Nimekaa dirishani na chai iliyopoa bila kunywewa. Kutoka hapa ziwa halionekani, lakini siku kama ya leo hewa inakuja na harufu yake, maji na matope na samaki wa mbali, na mimi nikishaisikia harufu hiyo basi kazi haifanyiki tena. Marehemu mama alikuwa akisema siku niliyozaliwa kulikuwa na usingizi mwingi wa kugawa, nami nikapewa mafungu mawili. Sikumbishia hata siku moja.

Mezani mbele yangu kuna noti ya shilingi elfu kumi. Juu yake nimeweka jiwe dogo, laini, la rangi ya majivu, upepo usije ukaipeperusha.

Noti hiyo si yangu.

Asubuhi nilikwenda mjini kununua vitu vya nyumbani. Pale supamaketi kaunta ilikuwa na binti mmoja, Leticia, jina nimelisoma kifuani pake. Aliniona nachechemea akakunja goti kidogo nyuma ya mashine yake, akasema, "Shikamoo mama. Pole na mguu." Siku hizi salamu ya namna hiyo mjini ni kama kuokota almasi. Nikaitikia kwa furaha, nikamwuliza kwao ni wapi, akasema Sengerema, nikamwuliza Sengerema ipi, na nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa.

Vitu vyangu vilikuwa elfu saba. Nikampa noti ya elfu kumi. Alipokuwa anatafuta chenji nikakumbuka nina elfu mbili mbili zinazonijazia pochi, nikasema, "Ngoja mwanangu, chukua na hii elfu mbili, unipe elfu tano moja." Jambo dogo tu, tunalifanya kila siku. Binti akachanganyikiwa kidogo. Aliposikia ngoja, naona alidhani nataka noti yangu. Akanipa elfu tano, na elfu kumi yangu akaikunja humo humo, akanikabidhi vyote kwa mikono miwili huku ameinamisha macho. Nami nikapokea kwa mikono miwili, nikatia kwenye pochi bila kutazama, maana ndivyo tulivyolelewa wote wawili.

Nimeigundua nyumbani, nilipokuwa natafuta ufunguo.

Sikufanya makusudi. Nataka hapa paandikwe hivyo. Lakini napaswa kuandika na hili lingine: nilipoiona noti, aliyenijia kwanza kichwani hakuwa Leticia. Kilichonijia kwanza ni mtungi wa gesi, ambao tangu juzi unatoa mwali wa kuaga. Leticia alikuja wa pili. Nikajiambia nitairudisha kesho. Halafu nikakumbuka kesho ni Jumapili, kuna ibada na kikao cha akina mama. Basi Jumatatu. Jumatatu nina kliniki ya mguu.

Pale wanafunga saa mbili usiku. Wakifunga, wanahesabu droo, na kilichopungua analipa aliyekaa kaunta. Najua. Mimi mwenyewe nilikaa.

Ilikuwa miaka ya tisini, ile miaka ambayo vitu vilirudi. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sukari na sabuni za kipande tulikuwa tunaingia madukani kama watu wanaoota. Rafu zimejaa! Dawa ya meno aina tatu! Mjini kulikuwa na pesa za sangara, viwanda vya minofu vinajengwa, na watu walionuka samaki walikuwa wananunua redio kwa fedha taslimu. Na noti mpya kubwa zilikuwa zimetoka, elfu tano na elfu kumi. Mara ya kwanza kushika ya elfu kumi niliishika kwa ncha za vidole.

Mama Adela, mjane wa Kikerewe aliyeanza na kibanda cha mafuta ya taa, alifungua duka la kujihudumia karibu na gati la kivuko cha Kamanga. Mtu anaingia, anachukua kikapu, anachagua mwenyewe, anakuja kulipa mlangoni. Wengine walikuwa wanasimama na kikapu kitupu wakingoja ruhusa. Kaunta zilikuwa mbili. Moja ya Vero, Mjita wa upande wa Musoma, mwanamke wa maneno makavu na moyo mzuri. Nyingine ya kwangu mimi, Kabula, binti wa mpishi wa Butimba, umri miaka ishirini na moja, mshahara elfu thelathini kwa mwezi. Nilikuwa wa kwanza kwetu kupata kazi ya kukaa kwenye kiti.

Kazi niliipenda mno. Nilipenda mlio wa droo inapofunguka. Nilipenda dirisha lililokuwa mkono wangu wa kushoto, kwa sababu nikigeuka kidogo naliona ziwa, naviona vile vidudu vya ziwani visivyouma vikipanda juu ya maji kama moshi, nayaona magugu maji. Miaka ile magugu yalikuwa yametanda, kijani kibichi na maua ya zambarau, mazuri kiasi kwamba ungesahau yanaua riziki za watu. Siku nyingine upepo unayasukuma yote gatini na kivuko kinashindwa kutia nanga. Nilikuwa nayatazama na wateja wananiamsha kwa kugonga sarafu kaunta.

Mtu wa namna hiyo humpi droo. Lakini nilipewa.

Asubuhi moja akaja mzee mmoja, honi ya kwanza ya kivuko imeshalia. Kofia ya kahawia, koti la kaki lililopigwa pasi, viatu safi. Sukari, sabuni na majani ya chai. Akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nami nikasikia kama nimeitwa kutoka nyumbani. Nikatoka kwenye kiti, nikapiga goti, nikasema na shikamoo juu yake.

"Marahaba, binti yangu. Wewe wa kwa nani?"

Nikamtajia baba.

"Ee! Yule wa Butimba? Baba yako namfahamu! Bado anapika?"

Sasa ukiulizwa hivyo unafanyaje? Nilijibu kuhusu baba, kuhusu mama, kuhusu mvua, kuhusu ng'ombe ambao hata hatukuwa nao wengi. Katikati ya salamu akanipa elfu kumi. Vitu vilikuwa elfu mbili. Nikamhesabia noti nane za elfu moja moja. Akazishika. Akaanza kwenda, akarudi.

"Binti yangu, nakumalizia chenji bure, na kumbe nina hela ndogo hapa. Shika hii elfu mbili ya vitu, na hizi elfu nane zako, unirudishie ile noti yangu."

Honi ya pili ikalia. Foleni ikasogea. Akaniwekea mkononi elfu mbili, na juu yake furushi la noti zilizokunjwa vizuri, ya nje elfu moja. Nikatoa elfu kumi kwenye droo nikampa kwa mikono miwili.

Akanitazama usoni kwa upole wote wa dunia. "Hesabu, binti yangu."

Nikasema, "Hapana baba. Nitakuhesabiaje wewe?"

Hapo ndipo alipokuwa ananingoja. Alijua. Kwetu mzee akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili na hukichunguzi mbele yake, maana kukichunguza ni kumwita mwizi. Wala hakunificha furushi lake. Kufuli lake lilikuwa adabu yangu mwenyewe, na adabu yangu nilipewa na baba yangu.

Jioni Mama Adela alihesabu droo mara mbili. Ndani ya furushi, chini ya ile elfu moja, zilikuwa noti tano za mia mbili mbili. Basi. Elfu nane ilikuwa elfu mbili. Elfu sita hazipo, na elfu sita kwangu zilikuwa siku sita za kukaa pale.

"Kabula," Mama Adela aliniuliza, "una mchumba?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, uso uliniwaka mpaka masikioni. Alidhani namwibia nampelekea mwanaume. Na mimi, badala ya kumweleza kuhusu mzee, nikasema labda nilikosea kuhesabu. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nafikiri niliona aibu kumshtaki mtu niliyempigia goti. Niliona ni afadhali nionekane mjinga.

"Nitakukata mshahara," akasema. "Ikitokea tena, utaniachia kiti changu."

Siku hiyo niliteremka mpaka kwenye mawe ya ufukweni nikalia, nikanawa uso kwa maji ya ziwa, nikalia tena. Vero alinifuata. Hakunibembeleza, hakuwa na kipaji hicho. Alikaa jiwe la pembeni, akavua viatu, akaniambia, "Eleza." Nikaeleza. Akacheka, halafu akaona sicheki.

"Sikiliza wewe mtoto. Mimi huyo alishanijaribu, ila kwetu tunahesabu hata sadaka. Kosa lako si kupiga goti. Kosa lako umepiga goti na droo iko wazi."

Kisha akanifundisha, pale pale, kwa kokoto badala ya pesa. Nayaandika kama nilivyomsikia, maana sijapata kusikia bora zaidi. Salamu ina wakati wake, imalize yote, ulizia mpaka mbuzi, halafu ndipo ushike pesa ya mtu. Noti ya mteja usiitie kwenye droo, iache juu, mbele ya macho yenu wote, uitaje kwa sauti ni ya shilingi ngapi, mpaka chenji ikubaliwe. Anayetaka kubadilisha katikati, mwambie kwa upole tumalize hili kwanza, halafu tuanze lingine. Mambo mawili yasikutane kaunta kwa wakati mmoja. Akikuharakisha, wewe ndiyo upunguze mwendo, kwa sababu honi ya kivuko inamhusu yeye, wewe husafiri. Na pesa inayorudi kwako ihesabu moja moja, hata ikitoka kwa padri.

"Hata kwa mzee?"

"Hasa kwa mzee anayekuambia hesabu."

Akaokota jiwe moja dogo, laini, akanipa. Hili la kuwekea noti juu, akasema, ili mkono wako wenye adabu usiende kuirudisha peke yake.

Wiki zikapita. Nilikuwa natazama ziwa kidogo, natazama mikono zaidi. Unajua, mikono ina ndoto zake. Ya mtu anayelipa tu inakuwa mizito, haina haraka. Ya mtu mwenye jambo inachezacheza, inataka kushikashika kila kitu, wakati mdomo unasimulia habari tamu. Nilianza kuwaona. Yule anayedai alikupa elfu tano kumbe ni elfu moja. Wale wawili, mmoja anauliza bei ya biskuti iliyo nyuma yako, mwenzake ana mkono mrefu.

Ila kila honi ilipolia, niligeuka kutazama mlango.

Akaja. Kofia ile ile. Magugu yalikuwa yamejaa gatini tangu alfajiri na kivuko kilikuwa kinapiga honi huko huko majini. Akaja kwenye kaunta yangu, akaweka sukari, sabuni, majani ya chai, akasema mwangaluka.

Hakunikumbuka.

Hilo liliniuma kuliko elfu sita. Mimi nilikuwa nimemwota usiku mwingi, nimemjengea hotuba, na yeye hakuwa na habari. "Wewe wa kwa nani, binti yangu?" akauliza upya, kwa upole ule ule.

Nilipiga goti. Sikuacha hata neno moja la salamu, nilimjibu baba, mama, mvua na ng'ombe. Nilipomaliza nikakaa. Akatoa elfu kumi. Nikaitaja kwa sauti, nikaiweka kaunta, nikaweka jiwe juu. Aliliangalia lile jiwe. Nikamhesabia elfu nane.

Akaanza. Kumbe ana hela ndogo. Nimrudishie noti. Furushi likaja, limekunjwa vizuri.

"Hesabu, binti yangu."

"Haya, baba."

Nikalifungua. Nikahesabu kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Elfu moja. Elfu moja na mia mbili. Elfu moja na mia nne. Foleni ilikuwa inanyoosha shingo. Nilipofika elfu mbili nikaonyesha kiganja kitupu. Nyuma kabisa mwanaume mmoja akasema, "Huyo ni..." na kabla hajamaliza nikamwona Vero ametoka kwenye kaunta yake, amesimama katikati.

"Ni mzee amekosea kuhesabu," Vero akasema kwa nguvu. Halafu kwangu, chini chini, "Usiliseme lile neno, Kabula. Wakilisikia watamuua."

Ni kweli. Mjini kwetu neno lile likitamkwa, mawe yanakuja yenyewe. Nilikuwa nimeota kulitamka wiki zote hizo, na lilikuwa tayari ulimini. Nilimtazama mzee. Jasho lilikuwa limetokea chini ya kofia. Mkunjo wa koti lake ulikuwa umeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi tofauti kidogo.

"Umelelewa na nani wewe," akaniambia, "wa kumhesabia mtu mzima?"

"Nimelelewa vizuri, baba. Ndiyo maana mara ya kwanza sikuhesabu."

Hapo akanikumbuka. Niliona macho yake yakinitafuta na kunipata. Akarudisha zile elfu nane zangu, nikazihesabu, nikainua jiwe, akachukua noti yake na kile kifurushi. Sukari, sabuni na majani ya chai aliviacha.

Kivuko hakikutia nanga mpaka mchana. Alisimama gatini muda wote huo pamoja na abiria wengine, kofia ya kahawia mbele ya kijani kile kisichokwisha, na mimi kila nikigeuka dirishani namwona. Ningetaka kuandika kwamba nilifurahi. Nilifurahi kidogo. Halafu nikaanza kufikiri anakwenda wapi, na nani anamngoja ng'ambo bila sukari, nikasahau kumpa mteja risiti.

Elfu sita zangu hazikurudi. Lakini jioni nilimweleza Mama Adela yote, na Vero akashuhudia. Kesho yake Mama Adela alikuja na jiwe lingine, jeupe, akaliweka kwenye kaunta ya Vero. Kuhusu mchumba hakuniuliza tena. Nilikaa kwenye kile kiti miaka minane.

Jiwe nililopewa na Vero ndilo hili lililoko mezani sasa.

Nimelitazama tangu nianze kuandika, na kuna jambo nimekuwa nalizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Leticia hanijui. Jioni ya leo wakimwambia droo imepungua elfu kumi, atafunga macho, atatafuta, na atamkumbuka mama mmoja mwenye mvi, anayechechemea, mpole, aliyemuuliza kwao ni wapi huku foleni inasubiri. Aliyesema ngoja. Aliyechanganya pesa katikati. Atakumbuka jinsi alivyoninyenyekea. Na pengine ataona aibu kunitaja, aseme alikosea kuhesabu, na mtu atamwuliza kama ana mchumba.

Nikingoja mpaka Jumatatu, kuanzia saa mbili usiku wa leo nitakuwa mzee wa kofia wa Leticia.

Nimemlaani yule mzee miaka yote hii, halafu leo nimekaa saa nzima na noti ya mtu, namfikiria muuza gesi.

Ndiyo, mguu unauma. Ndiyo, mvua inanyesha, hata imezidi kidogo tangu nianze aya hii. Usafiri wa kwenda mjini siku ya mvua ni wa kugombania na mimi si wa kugombania tena. Watu wakifika mwisho wa shajara zao husema kesho ni siku nyingine, na mimi nilikuwa nimeshajiandalia kusema hivyo. Kwa mtu mwenye kaunta, siku inafungwa leo.

Sasa ni saa kumi na moja na robo. Nimepata mwavuli, uko nyuma ya mlango. Nitakwenda mpaka kwenye kaunta yake, nitangoja foleni kama mtu mwingine yeyote. Nitamsalimu mpaka tumalize. Halafu nitaweka noti mbele yake na kumwambia ahesabu, mbele yangu, kwa sauti. Atakataa, najua. Atasema, mama, nitakuhesabiaje wewe.

Jiwe nalo nalichukua. Nitamwachia.